Shemeji Alivyojifukuza Kazi kwa Kidole Chake Mwenyewe

Siku shemeji yangu alipojifukuza kazi, mimi nilikuwa nimekaa safu ya nyuma namung'unya pipi.

Nieleweni vizuri. Sijasema alifukuzwa. Nimesema alijifukuza, kwa kidole chake mwenyewe, mbele ya wakurugenzi wote, huku anatabasamu.

Na kabla tabasamu halijamtoka usoni, kadi yake ya mlango ilikuwa imeshakufa.

Najua kuna watakaosema natunga. Haya, semeni. Mimi naeleza nililoliona kwa macho yangu, tena nililolingoja kwa hamu.

Nianze mwanzo.

Mimi ni mbunifu wa programu za kazini. Sisi ndio tunaoamua kitufe kikae wapi, kiwe na rangi gani na kiandikwe nini. Ofisini wananiita Bi Vitufe, na jina hilo sijawahi kulikataa.

Shemeji ni mume wa dada yangu wa tumbo moja. Dada ni muuguzi katika mojawapo ya zahanati za kampuni yetu. Shemeji kazi nilimtafutia mimi. Alikuwa amekaa nyumbani muda mrefu, dada ananipigia simu analia, nikaenda kwa bosi nikamwombea. Nikamfundisha kila kitu, kuanzia kufungua faili.

Kikulacho ki nguoni mwako. Wahenga walishasema, mimi nikadhani wanawasema watu wengine.

Shemeji alikuwa na kipaji kimoja, kuongea. Husimama mbele ya watu, miwani kaipandisha kwenye paji la uso, mikono hewani, anasema, "Kiwango, jamani. Hapa tunazungumzia kiwango." Ndiyo maana wakambandika jina la Kiwango. Bila ile miwani hawezi kusoma kitu cha karibu, lakini aliivaa pajini zaidi ya machoni, eti inampa sura ya msomi.

Jambo lingine. Shemeji hajawahi kuvunja glasi. Yeye glasi humvunjikia.

Nimekula kwao mara nyingi, nimeona mwenyewe. Glasi inamponyoka mkononi, na kabla vigae havijatulia sakafuni ameshauliza, "Nani kaiweka hapa?" Lazima mtu mwingine awe na kosa. Mara nyingi mtu huyo ni dada yangu, na ndiye anayechukua ufagio.

Hilo liwekeni akilini.

Sasa kampuni yetu ya zahanati ikanunuliwa na kampuni kubwa, ambayo tayari ilikuwa imeshanunua nyingine ya maghala. Wakubwa wakataka programu moja kwa wafanyakazi wote. Kuomba likizo humo, kupanga zamu humo, kuajiri, kusitisha ajira, mpaka kadi za milango, vyote humo humo.

Tatizo likawa makabati.

Ngoja nieleze. Kila kampuni ina mfumo wake wa usanifu, yaani vitufe vilivyokwisha kutengenezwa, rangi, herufi, na kanuni za kuvitumia. Mbunifu hachori kitufe upya kila asubuhi. Anakwenda mahali vilipo anachukua. Mimi huuita kabati. Sasa tulikuwa na makabati matatu, na nyumba ya kuyaweka ni moja.

Kabati la zahanati lina tabia hii: ukiulizwa swali la hatari, Ghairi iko kushoto, Thibitisha iko kulia. Rangi nyekundu ni ya hatari peke yake.

La maghala vitufe vyake ni vikubwa kama matofali, kimoja juu ya kingine, kwa sababu watu wa kule wanabonyeza wakiwa wamevaa glavu.

La makao makuu ni kinyume cha letu. Thibitisha kushoto, Ghairi kulia. Na nyekundu ndiyo rangi ya kampuni, kwa hiyo karibu kila kitu ni chekundu, hata kitufe cha kuombea likizo ya uzazi.

Aliyenifungua macho ni dada. Nilimuuliza, siku ukikuta vitufe vimebadilishana upande, utafanyaje?

"Mdogo wangu," akasema, "mkono wangu unajua dawa ipi iko upande gani wa kabati. Ukihamisha bila kuniambia, nitamchoma mgonjwa sindano isiyo yake, tena kwa roho safi kabisa."

Maneno hayo ndiyo niliyojengea kazi yote. Nikazunguka zahanati na maghala nikiangalia watu wanavyobonyeza. Nikatengeneza njia ya kuyaunganisha makabati bila kuwavuruga watu. Na kwa mambo ya hatari nikaweka sharti moja: ukitaka kusitisha ajira ya mtu, kwanza andika jina lake, herufi kwa herufi. Upande wa kitufe mkono unaweza kuuzoea. Jina la mtu lazima ulifikirie.

Ile kazi niliipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Niliila, niliilalia.

Wiki ya kuiwasilisha kwa wakubwa nikashikwa na homa, sauti ikakauka. Nikamwambia shemeji, nenda ukaniwakilishe.

Aliondoka mwakilishi, akarudi mkuu wa kitengo.

Jamaa alisimama kule akasema kila kitufe kachora yeye. Wakampigia makofi, wakampa cheo, na jina lake likahamishwa kutoka zahanati kwenda makao makuu. Mimi habari nilizipata kwa mhudumu wa chai.

"Shemeji," nikamfuata, "mbona jina langu halipo?"

"Lipo moyoni mwangu."

"Nauliza kwenye kazi."

"Sisi ni familia. Changu si ndicho chako?"

"Na changu?"

Akacheka, akanipigapiga bega, akaenda zake. Nilibaki nimesimama pale koridoni.

Kama hiyo haitoshi, akaanza kuibomoa. Sharti la kuandika jina akaamuru litolewe. "Linaharibu mtiririko. Watu wa kiwango hawaandiki, wanabonyeza."

Kisha akawaahidi wakubwa wa kila kampuni kwamba wataona rangi zao. Akaagiza ukurasa wa kila mfanyakazi ufuate kabati la kampuni yake. Wa zahanati ufunguke kizahanati, wa ghala kighala, wa makao makuu kimakao makuu.

"Lakini anayebonyeza ni afisa mmoja," nikamwambia. "Akifungua ukurasa huu Thibitisha iko kulia, akifungua ule iko kushoto. Ataumiza mtu."

"Wewe chora. Kufikiri niachie mimi."

Nilimwambia tena mbele ya waandaaji programu. Akanijibu kwamba nina kinyongo. Wale vijana wakainamia kompyuta zao, nani atabishana na mkuu wa kitengo?

Nikaenda kwa dada kulia. Nilitegemea angalau atampandia juu mumewe.

"Mvumilie," akasema. "Ni mume wangu."

Hiyo iliniuma kuliko wizi wenyewe. Nikanyanyuka hata chai sikumaliza.

Sasa uzinduzi ukakaribia. Shemeji akaniita ofisini kwake. Akanieleza kwa upole, kama anayenipa zawadi, kwamba mkataba wangu hautaongezwa baada ya uzinduzi. Kitengo kinahitaji damu mpya.

"Ila kabla hujaondoka, utanisaidia jambo moja," akasema. "Siku ya uzinduzi wewe ndiye utakuwa mfano. Nitafungua ukurasa wako, nibonyeze Sitisha Ajira, kisanduku cha swali kitokee, watu washtuke. Halafu naghairi. Watacheka sana."

Nilimtazama. Hakuwa anatania.

Akaanza mazoezi. Kila alasiri ananiita nikae mbele, anafungua ukurasa wangu kwenye kompyuta ya kugusa iliyounganishwa na skrini kubwa nyuma yake, picha yangu pale, anabonyeza Sitisha Ajira, kisanduku kinatokea, yeye anawageukia watu mikono hewani, "Je, tumfukuze?" Watu wanacheka kwa kujipendekeza. Kidole chake kinakwenda kushoto, kwenye Ghairi, bila hata kuangalia. Alijifunza hivyo makusudi, ili awe anatazama watu kama mtangazaji wa habari.

Waandaaji programu wakamwomba atumie data ya kubuni siku hiyo. Akakataa. "Data halisi. Wakurugenzi hawaji kuangalia maigizo."

Mimi nimekaa pale, nafukuzwa kila alasiri, nachekwa, nimekodolea kile kidole. Kushoto. Kushoto. Kushoto.

Ndipo wazo likaja. Lilikuja taratibu, likakaa, nikalikaribisha.

Ukurasa wangu ni wa zahanati. Ghairi kushoto. Lakini yeye si mtu wa zahanati tena. Kile cheo alichoniibia kilimhamisha. Ukurasa wake sasa unafunguka kimakao makuu, na huko kilicho kushoto ni Thibitisha.

Nasema mbele ya wote wanaosoma hapa: sikugusa kitu. Sikuhamisha hata nukta. Kila kitu kilikaa pale pale alipoamuru kikae.

Nilichofanya ni kumsifia.

"Shemeji, nimewaza. Mimi wakurugenzi hawanijui, nikifukuzwa watashtuka nini? Mwenyekiti anapenda kiongozi anayejitoa mwenyewe. Tumia ukurasa wako. Hapo ndipo watakaa roho mkononi."

Macho yakamng'aa. "Unaona? Ukiacha kununa unakuwa na akili."

"Utaufanyia mazoezi?"

"Mazoezi ya nini? Si kisanduku kile kile."

Nikaenda zangu. Wewe ungemjibu?

Jumapili mchana nikapita kwa dada. Shemeji hakuwepo. Tukawa tunaosha vyombo, mimi naosha yeye anafuta, na mdomo ukanitoka. Nikamweleza yote, kushoto na kulia, nikimwonyesha kwa mabomba mawili ya sinki, moto huku, baridi huku.

Alisikiliza bila kunikatiza.

"Na akisoma?" akauliza.

"Akisoma yameisha. Kimeandikwa wazi. Akishusha ile miwani tu, ataona."

Dada akaifuta ile sahani kwa muda mrefu, ilhali ilikuwa imeshakauka.

"Haya," akasema. Akaanza kuzungumzia mambo ya zamu zake.

Niliondoka pale najitukana. Mjinga mimi, namweleza mke mtego wa mumewe. Nilijua kabisa atamwambia, na jamaa atanifukuza kweli kweli hata kabla ya uzinduzi.

Lakini siku ikafika, na hakuna aliyeniambia neno.

Ukumbi ulijaa. Wakurugenzi mbele, mwenyekiti katikati yao, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya chini ambaye hata akikohoa watu hunyamaza. Mimi safu ya nyuma na pipi yangu.

Shemeji akaingia na suti mpya. Anajipapasa mifuko. Anajipapasa paji la uso.

"Shemeji, miwani?" nikamuuliza alipopita.

"Haionekani tangu asubuhi. Sijui nani kaiweka wapi. Haina neno, haya mambo nayajua kwa kichwa."

Akapanda jukwaani. Jamani, aliongea. Alisema alivyokesha akifikiria vitufe. Alisema alivyozunguka maghala. Alisimulia habari ya muuguzi na kabati la dawa, maneno ya dada yangu yale yale, eti aliyaota. Mimi nikaihamisha pipi kutoka shavu hili kwenda lile.

"Na sasa," akasema, "nitajiweka hatarini mimi mwenyewe."

Akafungua ukurasa wake. Picha yake ikajaa kwenye skrini, imezungukwa kote na wekundu wa makao makuu. Akabonyeza Sitisha Ajira. Kisanduku kikatokea.

Akawageukia watu, mikono hewani. "Je, tumfukuze?"

Watu wakacheka. Kidole kikashuka, kikaenda kushoto.

Nilisikia mlio wa kile kibonyezo mpaka kule nyuma. Au labda ni moyo wangu.

Skrini ikaandika: Ajira imesitishwa. Tunakushukuru kwa utumishi wako.

Watu wakazidi kucheka, wakidhani ni sehemu ya onyesho. Na yeye akacheka kwa sababu wao wanacheka. "Mmeona? Nimeghairi. Hiyo ndiyo raha ya kiwango."

"Pale pameandikwa imesitishwa," akasema mwenyekiti.

Shemeji akageuka. Maandishi ya mbali anayaona vizuri. Aliyasoma, nikamwona anayasoma mara ya pili.

Akairudia kompyuta haraka ili atengue. Kompyuta ikamjibu kwamba haimtambui. Simu yake ya kazi juu ya meza ikatetemeka, ikazima.

Mwenyekiti akauliza polepole, "Nani kaiweka Thibitisha upande huo?"

Hapo nikakaa vizuri kwenye kiti. Glasi ilikuwa imeshadondoka. Nilikuwa nangoja nisikie sauti ya vigae.

"Yeye," akasema shemeji, kidole kimenyooka mpaka kwangu. "Yule pale nyuma. Yeye ndiye aliyechora. Mimi kisanduku hicho sijakigusa."

"Kisanduku hicho tu?"

"Zote. Kurasa zote kachora yeye. Hayo mambo ya kuunganisha makabati, vitufe, rangi, yote ni yeye. Mimi naletewa tu."

"Dakika chache zilizopita ulituambia umechora kila kitufe."

"Naletewa tu, mama. Muulizeni yeye."

Miezi yote ile nilikuwa namwomba jina langu, akisema liko moyoni. Leo alilitapika lote kwenye kipaza sauti, tena mbele ya wote. Nilipata raha ambayo siwezi kuwaficha. Iliniingia mpaka kwenye nyayo.

Mwenyekiti akaniita mbele. Nikaenda, nikaeleza makabati matatu, kwa nini la glavu liko vile, kwa nini letu liko hivi. Wakubwa wakaniuliza maswali, nikawajibu yote, kwa sababu kila kitufe pale najua kilikozaliwa.

"Jambo kama hili ungelizuiaje?" mwenyekiti akauliza.

"Kwa kumlazimisha mtu aandike jina kabla ya kubonyeza. Lilikuwepo. Liliondolewa."

"Na nani?"

Nikamtazama shemeji. Na yeye akatazama kulia, akatazama kushoto, anatafuta mtu wa kumnyooshea kidole. Hakukuwa na mtu aliyebaki.

Akatoka nje apunge hewa. Mlango ukamkatalia. Mlinzi ndiye aliyemfungulia, na kadi akamwomba aiache.

Wiki iliyofuata nikawa nakaimu ukuu wa kitengo. Kazi ya kwanza niliyofanya ni kurudisha lile sharti la jina kwa kila jambo zito, kuanzia kusitisha ajira hadi kumkatalia mtu ombi lake.

Kazi ya pili ilikuja yenyewe. Shemeji aliomba kurudishwa kazini, kwamba ilikuwa bahati mbaya ya kidole. Mwenyekiti akaniambia, "Kitengo ni chako. Ukimtaka, mrudishe. Usipomtaka, programu imeshasema."

Ombi limekaa kwenye skrini yangu, simu ikaita. Dada.

Nikajua yamenifika. Atalia, na mimi machozi ya dada yangu sijawahi kuyashinda, kila mara mimi ndiye hushindwa.

"Nasikia ombi lake liko kwako," akasema.

"Liko kwangu, dada. Ni mume wako. Sema unachotaka."

"Kwanza nikuulize. Miwani yake nimrudishie sasa, au niikalie kidogo?"

"Dada. Ilikuwa wapi?"

"Mfukoni mwa sare yangu. Siku ile nilikwenda nayo zamu, nikawapimia watu presha nayo iko kifuani." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Miaka yote glasi zinamvunjikia yeye, ninayeinama kuokota vigae ni mimi. Mshahara wangu ndio unaolisha hii nyumba, na akikaa na watu anasema anailisha yeye. Nilikwambia umvumilie kwa sababu sikuwa na njia. Njia ukaja kunipa wewe, jikoni kwangu."

"Kwa hiyo nisimrudishe?"

"Ukimrudisha, mimi na wewe hatutasalimiana."

Nikakata simu, nikafungua ombi. Nikasoma kila neno, maana mimi ni mtu wa kusoma. Nikachagua Kataa.

Programu ikaniomba niandike jina lake.

Nikaliandika, herufi kwa herufi, taratibu, bila kukosea hata moja. Ni jina refu, na nilifurahia urefu wake. Nilipofika herufi ya mwisho kitufe kikaamka, nikabonyeza.

Wapo watakaosema nina roho mbaya. Ninayo, na siku ile ilishiba.

Funzo langu ni dogo. Ukiiba kazi ya mtu, iba na sababu zake. Kitufe utakibeba, rangi utazibeba, lakini kama hujui kwa nini kimewekwa pale kilipo, iko siku kitakuuliza swali mbele ya watu, na miwani utakuwa huna.

Dada ananiambia miwani alishamrudishia. Juzi shemeji alidondosha glasi, wakatazamana, akafungua mdomo kama kawaida yake, kisha akaufunga.

"Nimevunja," akasema, akaenda kuchukua ufagio.